Mwanya Kati ya Mabawa Mawili

Henri Mignet hakuwa rubani hodari, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu. Alizaliwa mwaka 1893 huko Saintes, magharibi mwa Ufaransa, akashika fani ya redio, na Vita vya Kwanza vya Dunia alivipitia kwenye mitambo ya simu ya upepo. Tangu ujana wake alikuwa akiunda ndege kwa mikono yake, moja baada ya nyingine, na nyingi ziligoma kuruka. Hata zile zilizokubali, kuziongoza kulimtoa jasho.

Ndege ya kawaida ya zama zile, sawa na ya leo, ilimtaka rubani afanye kazi mbili kwa pamoja. Mkononi ana fimbo: akiisukuma mbele pua inashuka, akiivuta kwake inapanda, akiilaza upande, vibao vya kwenye ncha za mabawa vinaiinamisha ndege upande huo. Miguuni ana pedali zinazogeuza usukani wa mkiani. Ili ndege ikate kona vizuri, mkono na miguu sharti vipatane. Visipopatana, hasa ndege ikiwa chini na mwendo umepungua, bawa moja hupoteza upepo ghafla na ndege ikajizungusha mpaka ardhini. Marubani wengi wa miaka ile walikufa hivyo. Mignet alipoona miguu yake haisikilizani na mkono wake, alikataa kujilaumu. Alisema kosa liko kwenye ndege, na kwamba mtu wa kawaida, mwenye kazi yake na familia yake na fedha kidogo, anastahili chombo ambacho hakiwezi kumuua kwa kosa dogo la mguu.

Mwaka 1928 alikwisha kupata ndege moja iliyomridhisha kiasi, HM.8, yenye bawa moja lililokaa juu ya kichwa cha rubani. Aliwaandikia wasomaji wa gazeti la anga la Les Ailes kuwaeleza kwamba mtu anaweza kujiundia ndege nyumbani, na barua zikamiminika. Lakini HM.8 bado ilikuwa na fimbo na pedali. Mignet aliendelea kuchora.

Ndege iliyompa jina ilikuwa ya kumi na nne katika michoro yake. Aliijaribu yeye na mkewe Annette wakiishi kwenye hema katika msitu wa Bouleaume, karibu na Soissons, mbali na wataalamu na mbali na waandishi wa habari. Tarehe 10 Septemba 1933 HM.14 iliacha ardhi. Mignet aliiita Pou-du-Ciel, chawa wa angani. Waingereza baadaye waliiita kiroboto, na kwa jina hilo ikasambaa duniani.

Aliyeiona kwa mara ya kwanza lazima aliizunguka mara mbili akiutafuta mkia wa kawaida asiuone. Ilikuwa na kiwiliwili kifupi cha plaiwudi, kisichofika mita 4, na mabawa mawili: la mbele la mita 6 hivi kutoka ncha hadi ncha, limekaa juu, na la nyuma fupi zaidi, limekaa chini kidogo, karibu sana na lile la kwanza, hata ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ulining'inia juu ya ukingo wa mbele wa bawa la nyuma. Mkiani kulikuwa na usukani mmoja mpana, basi. Vibao vya kwenye ncha za mabawa havikuwapo. Pedali hazikuwapo.

Siri yote ilikuwa kwenye bawa la mbele. Halikufungwa kwenye kiwiliwili kama mabawa mengine. Lilikalishwa juu ya mabomba ya chuma yaliyosimama mbele ya rubani kama paa la piramidi, na pale juu kulikuwa na bawaba. Kutoka ukingo wa nyuma wa bawa hilo kebo ziliteremka hadi kwenye fimbo. Rubani akiivuta fimbo, kebo ziliuvuta ukingo wa nyuma chini, bawa zima likaukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi, na ndege ikapanda. Akiilaza fimbo kushoto, usukani wa mkiani uligeuka kushoto, na kwa kuwa ncha za mabawa zilikunjwa kuelekea juu, ndege iliinama yenyewe upande ule na kukata kona. Mkono mmoja, fimbo moja. Miguu ilipumzika.

Injini yake ya awali ilikuwa ya pikipiki tu kwa ukubwa: Aubier-Dunne ya cc 500, nguvu za farasi 17. Mbao, plaiwudi, gundi, misumari midogo, kitambaa, rangi ya kukaza kitambaa, waya na magurudumu mawili. Hakuna kilichohitaji mashine ya kiwandani.

Mwaka 1934 Mignet alitoa kitabu alichokiita Le Sport de l'Air, yaani mchezo wa anga, na hapo ndipo mambo yalipochemka. Vitabu vya ndege vilikuwapo vingi, lakini hiki kilimshika msomaji mkono kutoka kuchagua ubao usio na fundo hadi kujifunza kuruka mwenyewe bila mwalimu: kwanza kukimbia ardhini, kisha kuruka kidogo na kushuka, kisha kwenda mbali kidogo. Aliandika kama rafiki anayezungumza na rafiki, kwa mizaha na kwa hasira dhidi ya maofisa na viwanda vikubwa. Aliwaambia wasomaji wake kwamba ustadi unaotosha kutengeneza sanduku la mizigo unatosha kuunda ndege. Naamini aliyaandika hayo kwa moyo safi. Hata ubao ulithibitisha maneno yake, kwa sababu makarani, mafundi magari, walimu na vijana wa shule walizimaliza ndege zao sebuleni na kwenye mabanda, na kazi yao ilikuwa nzuri.

Moto uliwaka zaidi Uingereza. Jumuiya ya Air League of the British Empire, ambayo katibu mkuu wake alikuwa Air Commodore J. A. Chamier, ilisimamia tafsiri ya Kiingereza mwaka 1935, na nakala 6,000 za chapa ya kwanza zilikwisha ndani ya mwezi mmoja. Wizara ya Anga ya Uingereza, ambayo kwa kawaida ilidai cheti kizito na cha gharama kwa kila aina ya ndege, ilikubali kutoa kibali chepesi kwa ndege hizi ndogo. Kibali cha kwanza kilipewa ndege ya Stephen Appleby, Julai 1935. Tarehe 13 Agosti Mignet mwenyewe alivuka Mlango wa Uingereza na kutua Lympne, miaka 26 baada ya Louis Blériot kuvuka mahali hapohapo, na umati ukamlaki kama shujaa.

Kuanzia hapo HM.14 iliacha kuwa ndege moja. Appleby alikuwa amefunga injini ya gari la Ford iliyorekebishwa na Sir John Carden, yenye nguvu kuliko Aubier-Dunne na nzito zaidi. Alipoangusha ndege yake siku chache tu baada ya kupata kibali, mhandisi L. E. Baynes aliiunda upya kwa bawa la mbele lisilohitaji nyaya za kulishikilia, na kampuni ya Abbott ya Farnham ikaanza kuuza ndege za mtindo huo. Wengine walifunga injini za pikipiki za Douglas, wengine Scott, wengine injini ya Austin Seven. Kila injini ilikuwa na uzito wake, na kila uzito ukiongezwa puani au kupunguzwa ulihamisha mahali ambapo ndege nzima ingesimama sawa kama ungeining'iniza kwa kamba moja. Mahali hapo ndipo panapoamua tabia ya ndege hewani. Mtu aliyejenga kwa kufuata kitabu neno kwa neno na mtu aliyebadilisha injini kwa sababu ya bei walikuwa wanaruka na ndege mbili tofauti zenye jina moja.

Zaidi ya ndege 100 za aina hii zilisajiliwa Uingereza peke yake. Nyingi hazikwenda mbali. Ziliruka hatua chache juu ya nyasi, zikatua, zikarudi bandani. Hilo lenyewe liliificha hatari, kwa sababu ndege isiyopanda juu haipati nafasi ya kupiga mbizi.

Kisha, mwaka 1936, watu walianza kufa. Katika miezi ya Aprili na Mei ajali zilifuatana Uingereza, na baadhi ya waliokufa hawakuwa wanafunzi wa kitabu bali marubani wa jeshi la anga, watu waliozoea ndege kubwa na kali kuliko ile. Vifo vilitokea Ufaransa pia. Ajali zilifanana mno: ndege inaonekana inaruka vizuri, pua inashuka kidogo, kisha inashuka zaidi, na badala ya kuinuka inazidi kuelekea chini mpaka inapiga ardhi, mara nyingine ikiwa imepinduka juu chini.

Ilikuwa rahisi kuwashuku waundaji. Nani alikagua gundi? Nani alipima kebo? Lakini rubani mzoefu hashindwi kuinua pua ya ndege iliyo nzima, na ajali zinazofanana hivyo hazitoki kwenye mabanda tofauti ya mafundi tofauti. Kitu kilichozifananisha kilikuwa mchoro.

Bahati nzuri, nchi zote mbili zilikuwa ndiyo kwanza zimepata chombo cha kujibu swali hilo. Huko Farnborough, katika kituo cha utafiti cha Wizara ya Anga ya Uingereza, handaki la upepo lenye kipenyo cha futi 24, kama mita 7.3, lilifunguliwa mwaka 1935. Huko Chalais-Meudon, nje ya Paris, Wafaransa walikuwa wamejenga handaki kubwa zaidi. Awali wataalamu walilazimika kujaribu sanamu ndogo za mbao na kukisia yaliyobaki. Sasa waliweza kuchukua Pou-du-Ciel nzima, na mabawa yake, na kitambaa chake, wakaiweka kwenye mizani ndani ya handaki, wakavumisha upepo, na kusoma kila nguvu iliyokuwa ikiisukuma.

Walichokikuta kilikuwa kwenye ule mwanya kati ya mabawa mawili.

Mignet aliuweka mwanya huo kwa makusudi. Aliamini kwamba hewa ikipita kwa nguvu kati ya bawa la mbele na la nyuma, italisafishia bawa la nyuma njia na kulizuia kupoteza upepo ghafla, na hapo ajali ya kujizungusha itakuwa imekomeshwa. Kwa hilo alikuwa sahihi. Ndege yake kweli haikuwa na ule ugonjwa wa zamani. Ila fikiria kinachotokea pua inaposhuka na rubani akavuta fimbo ili kuiinua. Ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unavutwa chini, na chini yake kuna bawa la nyuma. Mwanya unakuwa mwembamba. Hewa inayobanwa pale inakaza mwendo, kama upepo wa kusi unavyokaza ukiingia kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, na bawa la nyuma linapata nguvu kubwa ya kunyanyua. Bawa la nyuma likinyanyuliwa, mkia unapanda. Mkia ukipanda, pua inashuka.

Kwenye mwendo wa kawaida bawa la mbele lilishinda mvutano huo na ndege iliitikia fimbo. Lakini pua ikiwa imeshuka nyuzi 15 hivi au zaidi, hasa kwa ndege ambayo uzito wake umekaa vibaya, nguvu ya bawa la nyuma ilishinda. Rubani anavuta fimbo, pua inazama. Anavuta zaidi, kwa sababu kila alichofundishwa tangu siku ya kwanza kinamwambia avute, na kwa kuvuta anainyima ndege yake nafasi ya mwisho. Nikilisoma jambo hili huwafikiria wale marubani wa jeshi. Uzoefu wao haukuwafaa kitu; mkono uliofundishwa vizuri ulikuwa ukifanya kazi ya kuwaua.

Mtu atauliza: mbona Mignet mwenyewe hakuanguka? Aliruka na ndege hiyo mara nyingi mno, akavuka nayo bahari, akaichezesha mbele ya maelfu ya watu. Jibu langu ni kwamba kuruka kwingi huthibitisha yale tu ambayo rubani ameyafikia. Mignet aliijua ndege yake, alijua uzito wake ulipo, akaruka ndani ya mipaka aliyoizoea bila kujua kwamba nje kidogo ya mipaka hiyo kuna shimo. Wasomaji wake walibadilisha injini, wakabadilisha mabawa, wakaongeza kilo hapa na pale, na baadhi yao wakalikuta shimo.

Jambo hili linanigusa kwa sababu kwetu pia watu wanaunda. Magazeti ya Kenya na Tanzania yamewahi kuchapisha picha za mafundi waliounda ndege au helikopta nyuma ya nyumba zao, kwa injini ya gari na mabomba ya kuchomelea, na umati ukiwashangilia. Husifiwa kwa juhudi, kisha huzuiwa na mamlaka, na wananchi hukasirika wakisema ubunifu unauawa. Juhudi ile naiheshimu kwa dhati. Lakini mara chache nasikia mtu akiuliza uzito wa chombo unakaa wapi, au pua ikishuka nini kitaiinua. Mafundi wa mwaka 1935 walikuwa na mbao nzuri, kitabu kizuri na mchoraji aliyejaribu ndege yake mwenyewe, na bado swali hilo ndilo lililowamaliza.

Matokeo ya majaribio yalipotoka, Uingereza ilisitisha vibali vya HM.14. Mwezi Agosti 1936 bado kulifanyika mashindano ya mbio za ndege hizo huko Ramsgate, na Mfaransa Édouard Bret akashinda, lakini hamu ya umma ilikuwa imekwisha kupoa. Mamia ya ndege zilizojengwa nusu zilibaki juu ya mihimili ya mabanda. Ufaransa ilichukua njia nyingine: ilifuata marekebisho. Mignet aliupanua umbali kati ya mabawa na kuchora upya mambo yaliyokuwa na kasoro, na ndege zake za baadaye, kuanzia HM.18, hazikurithi ugonjwa ule. Aliumia sana kwa yaliyotokea, na kwa wengi jina lake halikusafishika tena.

Ila zile barua, zile karakana za nyumbani, na ile imani kwamba mtu wa kawaida anaweza kuruka kwa chombo alichokiunda, havikufa na HM.14. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, wapenzi wa ndege ndogo Uingereza waliunda chama kilichokuja kuitwa Popular Flying Association na leo ni Light Aircraft Association. Wafaransa waliunda chama chao na kukipa jina lililochukuliwa moja kwa moja kwenye kitabu cha Mignet, Réseau du Sport de l'Air. Mwaka 1948 huko Beaune, Édouard Joly na Jean Délémontez walirusha Jodel D9, ndege ndogo ya mbao ya mtu mmoja yenye mkia wa kawaida na pedali za kawaida, na michoro yake ikauzwa kwa waundaji wa nyumbani wa nchi nyingi. Marekani, Paul Poberezny alianzisha Experimental Aircraft Association mwaka 1953, mjini Milwaukee.

Vyama hivi vilifanya jambo moja ambalo Mignet, kwa chuki yake dhidi ya maofisa, hakulipa nafasi. Viliweka wakaguzi ambao wenyewe ni waundaji. Mkaguzi hufika bandani kabla plaiwudi haijafunika mbavu za bawa, huingiza tochi, hukagua viungo vya gundi, hugonga ubao na kusikiliza. Na ndege ikikamilika, kabla ya kuruka, hupimwa. Mizani huwekwa chini ya kila gurudumu, mkia hunyanyuliwa hadi ndege ikae sawa kama inavyokaa angani, rubani huketi kitini, tangi hujazwa. Kilo za kila mizani huandikwa, umbali kutoka puani hadi kila gurudumu hupimwa kwa futi kamba, na kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya hujulikana mahali hasa uzito umekaa. Ukikaa nyuma ya alama aliyoiweka mchoraji, ndege hairuki, hata kama mwenye nayo ameifanyia kazi miaka kumi. Betri inahamishwa mbele, au kipande cha risasi kinafungwa puani, na mizani zinasomwa upya.

Mignet alizunguka dunia na michoro yake: Marekani, Argentina, Japani, Moroko. Hakuacha kuchora mabawa mawili mpaka alipofariki mwaka 1965. Wafaransa wengine waliuchukua mtindo wake na kuuendeleza, akiwamo Émilien Croses, ambaye Criquet yake ya watu wawili iliundwa na wapenzi wengi nyumbani. Katika miaka ya 1980, Saintes, mji aliozaliwa, kampuni yenye jina lake ilitoa ndege nyepesi ya viti viwili iitwayo Balerit, yenye bawa la mbele linalozunguka juu ya bawaba na mabawa yanayokunjika ili isafirishwe kwa trela, na mnunuzi hakuhitaji kujua kushika randa.